MJADALA: Wabunge waruhusiwe kuhamisha fedha ndani ya bajeti?

Wadau, salaam kutoka Arusha. Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni, wakati huohuo masika yanakula barabara zetu za Muriet na Olasiti. Kila mwaka mtaani tunauliza: kwa nini mbunge asiiongezee TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, fedha palepale?

Hawezi. Ibara ya 99 ya Katiba inaliruhusu Bunge kupunguza kodi au matumizi. Kuongeza ni mpaka pendekezo litoke kwa Rais na liwasilishwe na Waziri. Kwa hiyo mbunge akikuta fungu la safari na semina limenona, anaweza kulikata, ila alichokikata hana uwezo wa kukipeleka barabarani. Anabaki kushika shilingi, yaani kutishia kuzuia fungu la Waziri mpaka apate maelezo, kwenye Kamati ya Matumizi (Bunge zima likipitia fungu moja moja). Waziri anaahidi, shilingi inarudi. Muda ukibana inapita gilotini, mafungu yaliyosalia yanapitishwa kwa mkupuo. Na Bunge likiikataa bajeti nzima, Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja. Mbunge gani atathubutu?

Msimamo wangu: Katiba na Sheria ya Bajeti zirekebishwe, Bunge liweze kutoa fedha fungu hili na kuzipeleka lile, mradi jumla iliyopendekezwa na Serikali isizidi. Ukivuka Namanga tu, wenzetu Kenya wana kanuni hiyo: bunge lao likiongeza mahali, lazima lipunguze pengine.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Muswada wa matumizi ukishapitishwa, sheria inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kuhamisha fedha kati ya mafungu mwaka ukiwa unaendelea. Bajeti ya 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Mtekelezaji anaruhusiwa kuipangua baada ya kura, mwakilishi wa wananchi haruhusiwi kabla ya kura. Mimi sioni haki hapo.

Mzee mmoja wa huku Kijenge, mhasibu mstaafu, ananipinga vikali. Anasema kila mbunge atavutia jimboni kwake na bajeti itachanwachana. Hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana nataka mipaka: deni la Taifa na mishahara visiguswe, hoja ipite kwanza Kamati ya Bajeti, jina la mtoa hoja na sababu zake vitangazwe kabla ya kura, na mradi wa jimbo moja usikubaliwe.

Wengine wanakumbusha tozo ya miamala ya simu ya 2021. Bunge lilikuwa na uwezo wa kuipunguza, likaipitisha. Serikali ndiyo iliyoishusha kwa asilimia 30 Septemba, baada ya wananchi kulalamika. Kwamba hata nguvu waliyonayo hawaitumii! Hoja hii ni nzito kuliko zote. Lakini mbunge aliyekata tozo bila uwezo wa kuziba pengo kwa fedha za fungu jingine angeulizwa mara moja: zahanati zijengwe kwa fedha gani? Mwenye mkasi tu huishia kukaa kimya.

Kamati ya Bajeti ipo, najua, na hujadiliana na Serikali kabla ya kura. Ila maoni yake yakikataliwa, haina pa kushika.

Mnaopinga, nijibuni hili moja: Waziri anaaminiwa kuhamisha, Bunge zima lisiaminiwe kwa sababu gani? Na mnaoniunga mkono, tuweke kikomo cha asilimia ngapi ya fungu?