Vitz ya kilomita 38,000 au Probox ya 171,000? Watu wa Malindi nisaidieni

mwana_wa_shela: Asalaam aleikum wakubwa. Nina kama laki sita na nusu, nataka gari ya kunipeleka kazini Watamu kila siku na Mombasa mara mojamoja. Nimeona mbili. Vitz ya 2012 iko Casuarina, mwenyewe mzungu huja miezi miwili kwa mwaka halafu huenda zake, mita inasoma 38,000 tu na dalali ameapa ni kama mpya. Ya pili Probox ya mwalimu jirani yangu, 171,000 lakini risiti za sevisi anazo zote. Roho yangu iko kwa Vitz. Nikague nini kabla sijatoa pesa?

fundi_maweni: Maileji yaweza kuwa ya kweli kabisa, mimi nauliza ilikuwa imelala wapi miaka yote hiyo. Hapo Casuarina karibu na bahari gari inaliwa na chumvi itembee isitembee. Ipeleke gereji yenye shimo uingie chini mwenyewe, beba bisibisi, gonga chini ya milango, pale shoka (shock absorber) zinaposhikia bodi, na paipu za breki uzipapase. Ukikuta chini kumepakwa rangi nyeusi mbichimbichi shtuka, hiyo ni kutu imevalishwa kanzu.

mama_wawili: Yalinikuta haya. Kilomita kidogo, gari inang'aa, wiki ya kwanza betri ikafa, ya tatu hosi ya maji ikapasuka tukiwa Gede na watoto ndani jua la saa saba. Raba hukauka hata gari isipotembea. Tazama namba nne za mwisho pembeni ya tairi, ikiandikwa 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019.

abu_tarumbeta: Mwamtisha bure. Kutu yachomelewa, injini iliyochoka utaifanyaje? Na Probox gani ya Kenya haijabeba muguka, yale majani ya kutafuna 😂

fundi_maweni: Kutu ya mlango sawa yachomelewa ami, ya chesisi jee? @mwana_wa_shela nenda asubuhi na mapema bila kumwambia dalali saa, shika injini kabla haijawashwa, ukiipata ina joto basi kuna kitu kinafichwa. Tazama raba ya pedeli na stering, 38,000 haziwezi kuzilainisha. Hiyo Vitz ni CVT, gia ya otomatiki ya mkanda, ukiondoka polepole isitetemeke. Na rekodi ya NTSA, wale wa kusajili magari, itoe kwa tovuti ya serikali ya eCitizen ujue mwenye gari ni nani, isije ikawa ni ya benki.

yuko_amu: Mie niko Amu usafiri wangu punda, ila hata jahazi likianikwa juani muda mrefu mbao hufunguka na kalafati hutoka. Kaulize mafundi wa majahazi wa Matondoni.

mwana_wa_shela: Nimerudi. Tairi zasoma 4412, yaani ni zilezile zilizotoka nazo Japani, na pedeli kama mpya, kwa hiyo maileji dalali hakudanganya. Lakini zina nyufa ukitia ukucha unaingia, na kule nyuma chini ya shoka ya kushoto bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, dalali akaanza kunifokea eti naharibu gari ya watu. Nikamwambia laki tatu na nusu, hajapokea simu tangu jana. Fundi, Jumamosi saa moja shimo lako liko wazi? Mwalimu amekubali niilete Probox.

fundi_maweni: Liko wazi. Njoo na hizo risiti nione gia boksi ilibadilishwa oili lini.