Mama amealikwa kwenye jaribio la dawa ya kumbukumbu: tuulize nini kabla ya kuweka dole gumba?

Mwana wa Chamwino

Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 71, anaishi kijijini wilayani Chamwino, na kwa mwaka mzima sasa kumbukumbu yake imekuwa ikiyumba: huinjika maji ya ugali, akatoka nje kuchambua mlenda, asikumbuke jiko mpaka asikie harufu ya sufuria inayoungua. Wiki iliyopita walifika watafiti wakiwa na mhudumu wa afya wa kijiji, wakamuuliza maswali ya kupima kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kisha wakasema anafaa kuingia kwenye jaribio la dawa litakalodumu miezi 18. Wametuachia fomu ya ridhaa ya kurasa nane na watarudi Jumatatu.

Kaka yangu anataka tukubali upesi kwa kuwa mama atatibiwa bure. Mimi nasita, kwani ukurasa wa tatu unasema nusu ya washiriki watapewa vidonge visivyo na dawa. Halafu vipimo vyenyewe vinanitia shaka. Mama hakusoma shule, na Kigogo ndiyo lugha anayofikiria. Alipoambiwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo ndani ya dakika moja, alitaja ng'ombe, mbuzi na punda, kisha akaanza kuwataja ng'ombe wa marehemu baba mmoja mmoja kwa rangi zao, na kijana aliyeshika saa akabaki na kalamu hewani asijue aandike nini.

Muuguzi Mstaafu, Makole

Pole kwa kuuguza. Nimewahi kufanya kazi kwenye tafiti za namna hiyo, kwa hiyo nianze na kaka yako: jaribio si matibabu. Matibabu hulenga kumsaidia mama. Jaribio hulenga kujua kama dawa inafanya kazi, na mama anaweza kunufaika, asinufaike, au akapata madhara. Nani apate dawa na nani apate vidonge vitupu huamuliwa kwa bahati nasibu, na mara nyingi hata anayempima hajui. Huo si ulaghai. Mtu akipimwa mara ya pili hufanya vizuri zaidi kwa sababu tu amelizoea swali, na mzee anayetembelewa kila mwezi huchangamka. Pasipo kundi la kulinganisha, hata unga wa uwele ungeonekana unaponya usahaulifu.

Ombeni kuona kibali cha maadili kutoka kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na, kwa kuwa ni dawa inayojaribiwa, kibali cha TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Fomu iwe ya Kiswahili, nakala moja ibaki kwenu, na iwe na namba ya simu ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili pia. Mama hasomi, hivyo anapaswa kusomewa yote mbele ya shahidi asiye mmoja wa watafiti. Ulizeni nani atagharamia matibabu akidhurika, na msikubali jibu la mdomo. Anaweza pia kujitoa siku yoyote bila kunyimwa huduma zake za kawaida. Lakini katika maelezo yako yote sijaona mahali mama alipoulizwa anataka nini.

Mjukuu wa Kondoa

Babu yangu alishiriki utafiti mmoja, ambao sitautaja, na mpaka anafariki hakuna aliyerudi kutuambia kilichopatikana. Ulizeni matokeo yataletwa lini na kwa njia gani, na kama dawa ikionekana inafaa, mama ataendelea kuipata baada ya miezi 18 au atakatiwa. Nauli walikuwa wakiturudishia. Siku za kazi nilizopoteza kwa kumsindikiza babu, hasa msimu wa palizi, hazikuwamo kwenye hesabu yao.

Msomaji wa Saikolojia

Swali lako la vipimo ni zito kuliko unavyodhani. Kipimo cha kumbukumbu na uwezo wa kufikiri kiitwacho MMSE, kilichotungwa Marekani mwaka 1975 na kuenea duniani kote, humtaka mtu aandike sentensi na kunakili mchoro wa pembe tano mbili zilizopishana. Mzee ambaye hajawahi kushika kalamu anaweza kuonekana mgonjwa ilhali ni mzima. Ndiyo maana katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti waliandaa kipimo kifupi kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee wasiosoma: badala ya kuchora, mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano aliowekewa. Waulizeni wanatumia kipimo gani, na kama kuna mkalimani wa Kigogo. Suala la ng'ombe kuhesabiwa mnyama mmoja au kumi lilipaswa kuamuliwa kabla ya kijana kutumwa kijijini.

Kabla ya yote hayo, mama amepimwa hospitali? Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, baadhi ya dawa za usingizi, hata masikio yaliyopungua usikivu, vyote huweza kumfanya mzee aonekane amepoteza kumbukumbu, na vingi vinatibika. Ingesikitisha akimeza vidonge vya majaribio kwa miezi 18 kumbe tatizo ni tezi.

Mwana wa Chamwino

Asanteni sana. Muuguzi umenigusa, maana kweli hatukumuuliza. Jana jioni nilimpigia simu nikamweleza yote kwa Kigogo, polepole, pamoja na habari ya vidonge vitupu. Amesema vidonge hataki mpaka daktari amwangalie kwanza, kwa hiyo tutampeleka hospitali mjini, na nimeshamwandikia mtafiti kwamba Jumatatu asije na wino. Maswali hayamsumbui. Aliniuliza tu kama yule kijana mwenye saa atarudi, kwa sababu alimkatisha kabla hajafika kwenye fahali.