Ushauri wakuu: pikapu Land Cruiser ya 1978, nichukue?

Mzee wa Viazi: Habari za jioni wakuu. Nalima viazi Uporoto, masika gari za kawaida haziendi. Nimepata pikapu Land Cruiser ya 1978, injini 2H, dizeli, inavuta matairi yote manne. Milioni 14. Mlango ukiufunga unalia "ko!", siyo mabati ya siku hizi. Swali ni moja tu: spea za 2H zinapatikana?

Kijana wa Kilombero: Umenikumbusha Land Rover 109 ya mshua. Utingo nilikuwa mimi. Tukifika kwenye tope nashuka kufunga loki za magurudumu ya mbele kwa mkono, nikipanda tena ndala moja imebaki huko. Mshua alibeba shafti ya akiba chini ya kiti, na tuliihitaji zaidi ya mara moja. Raha tupu!

Dogo wa IST: Silinda sita? Hiyo inakunywa kuliko shemeji yangu.

Spana 17: Spea zipo, na 2H haina kompyuta ya kukusumbua. Ipe oili kwa wakati na dizeli safi, itakuzika. Kadi ya nani?

Mzee wa Viazi: Kadi ipo mkuu.

Spana 17: Sijauliza kama ipo. Ina jina la nani?

Mzee wa Viazi: La marehemu. Anayeuza ni mpwa wake. Watoto wa marehemu wako mbali ila anasema wanajua. Nimeshatoa milioni 4 za kishika uchumba kwa sababu kuna mtu wa Tunduma alikuwa anaimezea mate. Na tumeandikishana, mimi si mtoto.

Mama Pacha: Baba, mali ya yatima hiyo! Msimamizi wa mirathi ni nani? Shemeji zangu waliuza trekta la mume wangu arobaini haijaisha, mpaka leo hatusalimiani. Na mkeo anajua hizo milioni 4?

Mzee wa Viazi: Mambo ya mke wangu yaacheni. Nimeuliza spea.

Msomaji Kimya: Mnanyweshwa chai hapa. Toyota walianza kufunga 2H kwenye pikapu hizi mwaka 1980. Ya 1978 ya dizeli ilitoka na H ya lita 3.6. Mleta mada hana gari, hana viazi.

Dogo wa IST: Chai yenyewe haina hata andazi.

Kijana wa Kilombero: Na mimi nilivyojimwaga na ndala zangu!

Mzee wa Viazi: Nidanganye ili nipate nini? Leo nimerudi na tochi. Nimekwangua tope kwenye chesesi, mbele kulia karibu na gurudumu, namba zinaanza HJ45. Injini ni 2H kweli, ila namba yake na ya kwenye kadi hazifanani. Mpwa anasema mzee alibadilisha zamani.

Msomaji Kimya: Basi samahani mkuu, HJ45 ndiyo ile iliyotoka na H, kwa hiyo injini ilibadilishwa kweli. Ila hapo ndiyo pabaya zaidi.

Spana 17: Usiongeze hata mia. Msimamizi wa mirathi aje asaini mwenyewe, na hiyo injini iingizwe kwenye kadi kabla gari halijaja kwenye jina lako. Akikataa, dai milioni zako mapema.

Mzee wa Viazi: Nimekuelewa mkuu, nitaongea naye. Sasa pampu ya dizeli ya 2H, hapa Mbeya mjini naipata wapi?