Mjadala: Je, filamu iliyopotea ya The Homesteader iundwe upya kwa akili mnemba?

Ndugu wanajukwaa,

Mwaka 2025 kampuni moja ya Marekani ilitangaza kwamba itatumia akili mnemba kuziunda upya dakika 43 zilizokatwa katika The Magnificent Ambersons, filamu ya Orson Welles ya mwaka 1942. Ikiwa hilo linakubalika, basi zamu ya filamu bubu ambazo hazikubakiza hata kipande haiko mbali, nazo ni nyingi mno: utafiti uliotolewa mwaka 2013 na Maktaba ya Bunge la Marekani ulionyesha kuwa, kati ya filamu ndefu bubu zipatazo 11,000 zilizotengenezwa nchini humo, takribani asilimia 70 zimepotea kabisa.

Naomba tuujadili mfano mmoja. The Homesteader ya Oscar Micheaux ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwezi Februari 1919, na inahesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na Mmarekani mweusi. Ilitokana na riwaya yake mwenyewe yenye jina hilohilo, ya mwaka 1917, inayomhusu mkulima mweusi wa Dakota Kusini anayempenda msichana anayedhaniwa kuwa mzungu, akajinyima penzi hilo, kisha akamwoa binti wa mchungaji wa kanisa, na mchungaji huyo akaishia kuivunja ndoa yao. Hakuna nakala inayojulikana kusalia. Msimamo wangu ni kwamba isiundwe upya kwa mashine, na fedha ambazo zingetumika huko zielekezwe kwenye kutafuta nakala na kuhifadhi zile ambazo bado zipo.

Hoja yangu ya msingi inatoka katika historia ya filamu yenyewe. Mwaka 1918 kampuni ya filamu ya Lincoln, iliyoendeshwa na watu weusi, ilitaka kuinunua riwaya hiyo ili kuigeuza filamu. Mazungumzo yalivunjika kwa sababu Micheaux, ambaye hakuwa amewahi kuongoza filamu yoyote, alishikilia kwamba ataiongoza mwenyewe; akaanzisha kampuni yake na kuuza hisa, wanunuzi wake wakiwamo wakulima wazungu wa maeneo ya Sioux City. Alikataa, basi, kisa chake kisimuliwe kwa jicho la mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mweusi mwenzake. Kisa hicho hatujakipoteza, kwa maana riwaya ipo na inasomeka. Tulichopoteza ni namna alivyokiongoza, yaani kitu kilekile alichokataa kukiuza, na hicho mashine haina pa kukichota.

Mtazameni yule mchungaji. Inaaminika kwamba Micheaux alimchora kwa kumfuata baba mkwe wake halisi, naye alikuwa mhusika mwenye kuwasha hasira, kwani wachungaji kadhaa wa Chicago waliipinga filamu hiyo mbele ya wadhibiti wa filamu. Je, ni nini hasa kilichowaudhi? Huenda ni tabasamu lake, mkono wake juu ya bega la binti yake, au muda ambao kamera ilibaki usoni pake. Mashine italazimika kuchagua jibu, na kila mtazamaji atalipokea chaguo hilo kama ushahidi wa mwaka 1919. Vivyo hivyo kwa Evelyn Preer, aliyeigiza kama mke: sura yake imesalia katika filamu nyingine ya Micheaux, hivyo ni rahisi kuichukua na kuifanya ilie machozi ambayo yeye hakuyalia. Alifariki mwaka 1932, na hawezi kuombwa ridhaa.

Nafahamu hoja nzito ya upande wa pili, kwamba Micheaux mwenyewe aliirudia simulizi hii mwaka 1931 katika filamu yenye sauti, The Exile, kwa hiyo hakuiona kuwa kitu kisichoguswa. Ni kweli, lakini mwenye kazi kuirekebisha kazi yake ni haki yake, na tena aliitoa kwa jina jipya bila kudai kuwa ndiyo ile ya zamani. Msanii wa leo akitaka kutengeneza filamu yake kutokana na riwaya hiyo, kwa jina lake na kwa waigizaji wake, nitakuwa wa kwanza kumpongeza.

Wengine watasema kungoja nakala ipatikane ni ndoto. Within Our Gates, aliyoitoa mwaka 1920, nayo ilidhaniwa imepotea hadi ilipotambuliwa katika hifadhi ya filamu ya Hispania, ikiitwa La Negra. Filamu yake nyingine ya mwaka huohuo ilipatikana Ubelgiji. Within Our Gates ilipokarabatiwa, karibu maandishi yake yote ya kati, yaani yale yanayoonyeshwa baina ya picha kueleza kisa na mazungumzo, yalikuwa ya Kihispania, ikabidi yarudishwe katika Kiingereza, na sehemu fupi iliyokosekana ikawekewa maandishi ya kumweleza mtazamaji kilichopaswa kuwapo hapo. Huo ndio uaminifu ninaoutetea. Wakati huohuo filamu za naitreti, yaani mikanda ya kemikali iliyotumika enzi hizo, zinaendelea kuoza ndani ya makopo yake, kwa hiyo kila mwaka unaopita bila msako unapunguza uwezekano wa kuipata The Homesteader.

Naomba anayetaka iundwe upya aanze na yule mchungaji: ni nani atakayeamua alivyoonekana, na mtazamaji ataambiwaje, ndani ya picha yenyewe, kwamba uso anaouona umebuniwa?