Nimeambiwa mimi ni Projekta, nisubiri mwaliko. Fomu ya uenyekiti nichukue au niache?

MamaKorosho (Mikindani)

Habari zenu ndugu zangu. Nina jambo linaninyima usingizi, na hapa mtaani sina wa kulijadili naye.

Sisi ni kikundi cha akina mama tunaobangua korosho. Tunanunua ghafi, tunabangua kwa mashine ya mkono, tunamenya, tunafungasha, tunauza stendi na kwa wageni wanaopita. Mwenyekiti wetu anahamia Masasi. Fomu za nafasi yake ziko kwa katibu, mwisho Ijumaa, na wenzangu wawili wameshachukua.

Mimi nimo tangu kikundi kinaanza. Nikikaa pale mezani naona mambo. Gunia likishushwa nachota kiganja kimoja, natikisa karibu na sikio: korosho iliyokauka inagonga ndani ya ganda, mbichi iko kimya. Namjua nani anavunja vipande kwa haraka ya kumaliza. Namjua anayeficha mikono kwenye kanga kwa sababu majivu yamekwisha, mafuta ya ganda yamembabua vidole, na anaona aibu kuomba mengine. Hesabu za mwaka jana ni mimi niliyeona kwamba hasara yetu iko kwenye vipande, siyo kwenye bei ya ghafi.

Sasa binamu yangu wa Dar aliniunganisha na dada mmoja anayesoma watu kwa Human Design, kwa simu, kwa malipo. Kwa wasioijua: ilianzishwa na Mkanada aliyejiita Ra Uru Hu. Alisema Januari 1987, akiwa kisiwa cha Ibiza huko Hispania, sauti ilimfundisha kwa siku nane. Imechanganya nyota, I Ching ya Wachina yenye alama 64, chakra za Wahindi na Kabbalah ya Wayahudi. Unatoa tarehe, saa na mahali ulipozaliwa, unapata chati yenye vituo 9, na chati inasema wewe ni mtu wa aina gani. Manifesta anaanzisha mambo. Jenereta ana nguvu ya kazi na anatakiwa aitikie kinachomjia. Yuko Jenereta mwingine mwenye tabia za Manifesta ndani yake. Projekta anaona wengine na kuwaongoza, ila asubiri kualikwa. Reflekta ni wachache mno, wenyewe wanasema kama mtu 1 katika 100, na jambo kubwa anatakiwa alingojee mzunguko mzima wa mwezi.

Mimi nikatoka Projekta. Nilipotumiwa maelezo nililia. Yalisema Projekta hana nguvu ya kufanya kazi ya mikono kutwa nzima kama wengine, na akilazimisha anachoka hadi mifupa. Lakini jicho lake linaona kazi ya wengine kuliko wanavyoiona wao. Mimi tangu msichana naitwa mvivu. Hata unyagoni somo yangu aliniambia nina macho marefu kuliko mikono. Kusoma kwamba hilo nalo ni umbile, lina kazi yake duniani, jamani lilinigusa.

Ila yule dada akaongeza: fomu usichukue. Projekta akijipeleka mwenyewe anakataliwa na kubaki na uchungu. Wakikutaka watakufuata.

Ndugu zangu, huku hakuna anayekufuata. Usipochukua fomu, hujagombea. Aliyesoma elimu hii kwa undani anisaidie: mwaliko ni nini hasa?

Mpwani_Mtwara

Dada, muombe Mungu uchukue fomu. Hayo mengine ni ramli tu, hata kama yana chati.

NesiWaLeba (Lindi)

Pole dada. Kabla ya yote, saa yako ya kuzaliwa uliipataje? Mimi niko wodi ya wazazi. Sisi kwenye rejesta tunaandika 20:10 au 02:10, lakini mama akitoka pale anamwambia mwanawe "ulizaliwa saa mbili usiku", na mtu aliyezoea saa ya simu akisikia mbili anaandika 02:00. Na wengi wa umri wako mlizaliwa nyumbani, rejesta hakuna kabisa. Angalia juu ya hiyo chati wameandika saa ngapi.

MamaKorosho (Mikindani)

Nesi, nimeangalia sasa hivi, mikono inatetemeka. Mimi nilizaliwa nyumbani, Desemba 1989. Mama anasema saa mbili usiku, watu wametoka msikitini kuswali isha. Nilimrekodi kwa sauti yake, nikaituma sauti hiyo kwa yule dada. Kwenye chati pameandikwa 02:00.

Bi_Nachingwea

Mwenzio naifuatilia Human Design kwa muda sasa, na naipenda, kwa hiyo naomba nikueleze kwa nini hilo ni kubwa.

Ile duara ya nyota wanayoitumia kwenye chati imegawanywa sehemu 64, zinaitwa malango. Jua linakaa lango moja karibu siku 6, lakini mwezi unapita lango kwa saa kama 10 tu. Kutoka saa nane usiku wa manane hadi saa mbili usiku ya tarehe ileile ni saa 18, kwa hiyo mwezi wako umevuka lango moja au mawili. Halafu chati inahesabiwa mara mbili: saa uliyozaliwa, na siku kama 88 kabla yake, ukiwa bado tumboni. Saa ikikosewa, zote mbili zinahama. Lango moja likibadilika linaweza kufungua au kufunga kile kituo cha nguvu cha tumboni, na hicho ndicho kinachomtenga Jenereta na Projekta. Mahali ulipozaliwa hapana shida, panatumika kujua saa za nchi tu. Piga hesabu upya kwa 20:00. Programu za bure zipo.

Kuhusu mwaliko: katika mafundisho yenyewe, mwaliko unatakiwa kwa mambo makubwa, kama ndoa, kazi au kuhama mji, na cheo kimo humo. Yule dada hakuzusha. Alichokosa ni kukuuliza kama umeshaalikwa. Wenzio wakishusha gunia wanakuita ulitikise? Hesabu wanakuletea wewe? Huko ni kutambuliwa, na Projekta hutafuta hicho kabla ya kitu kingine. Fomu ni karatasi ya katibu.

MzeeWaMitwero (Lindi)

Mwanangu, nami nina neno, maana elimu ya kumjua mtu kwa nyota haikuingia pwani yetu na simu. Wengi wenu mlizijua nyota kupitia marehemu Sheikh Yahya Hussein, lakini hesabu za falaki wazee wetu walikuwa nazo zamani. Nilifundishwa na ami yangu, Mungu amrehemu.

Sisi hatuhitaji saa. Tunachukua jina lako na la mama yako, kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Mfano, Zainabu binti Mariamu. Ze 7, ye 10, nuni 50, be 2: jumla 69. Mimu 40, re 200, ye 10, mimu 40: jumla 290. Pamoja 359. Toa kumi na mbili kumi na mbili, inabaki 11. Burji, yaani nyota, ya kumi na moja ni Dalu, ndiyo Ndoo, na tabia yake ni hewa. Kuna nyota za moto, za udongo, za hewa na za maji, tatu kila kundi. Mtu wa hewa tunasema ni wa fikra na maneno. Wa udongo ni wa subira na mali.

Nimewahesabia watu wengi. Ami yangu alikuwa akimaliza kumweleza mtu nyota yake anamuuliza, "Na jirani zako wanakuonaje?" Jibu la jirani alilipa uzito kuliko mabaki ya hesabu. Nyota ilitumika kumchagulia mtu siku ya kuanza safari au kujenga. Kumzuia mtu kazi anayoiweza sikumwona akifanya hata mara moja.

MamaKorosho (Mikindani)

Shikamoo babu. Asante sana, na Bi Nachingwea na Nesi asanteni.

Nimepiga hesabu kwa 20:00. Nimetoka Jenereta. Nimekaa kibarazani nasoma maelezo ya Jenereta, na humo pia nimo: asiyependa kazi anachoka haraka na kukereka, anayependa hachoki. Na kweli kubangua kunanichosha, lakini kuchambua ghafi na kukaa na daftari naweza mpaka usiku wa manane.

Nimempigia yule dada kumweleza habari ya saa. Amesema chati mpya ni malipo mapya. Sitalipa. Mtu anayesoma Waswahili lazima ajue saa zetu, hilo ndilo jambo la kwanza la kuuliza, tena lisaidie wengine wanaoendea huduma hii: andikeni asubuhi au usiku, andikeni na saa ya simu pembeni.

Sasa nawaambia ninavyoona mimi. Yale niliyolilia kwenye chati ya kwanza yalikuwa ya kweli, na saa ilikuwa ya uongo. Kutikisa ghafi nilikuwa nakufanya kabla sijalijua neno Projekta. Kwa hiyo elimu hii siitupi, imenipa maneno ya kujisemea ambayo sikuwa nayo, lakini haiwezi kuniamulia Ijumaa. Leo mchana nimewauliza wenzangu wawili wa meza moja, mbele ya korosho zetu, mnionavyo mimi naweza? Mmoja kanyamaza. Wa pili kasema, "Wewe si ndiye tunayekuuliza kila siku?"

Fomu nimechukua. Inataka wadhamini watano wanachama, ninao watatu.

Bi_Nachingwea

Wa nne mfuate yule anayeficha vidole kwenye kanga. Umpelekee na majivu.