Mrejesho: mkufu wa vifuu na mpingo

Wakuu, niliwauliza namna ya kutoboa vifuu vya nazi visipasuke, kwa mikufu ya darasa la sanaa hapa Mtwara. Aliyesema niweke kibao chini na nisiikandamize keke, ubarikiwe. Tundu linatoka safi.

Kazi ilikuwa kwenye shanga za mpingo. Msasa unakwisha, mti bado unakucheka! Nilianza na msasa mkali, nikamalizia na laini, kisha tone la mafuta ya nazi. Hapo weusi ukaanza kung'aa. Shanga moja niliiachia ule ukingo mweupe wa pembeni ya gogo. Mwalimu hakuipenda. Mimi naiona ndiyo nzuri kuliko zote.

Mshipi wa kuvulia haukufaa, fundo linajifungua. Nimehamia uzi wa pamba uliopakwa nta.