Blogu kabla ya WordPress: nifundisheje bila intaneti?

ict_jinja: Wakuu salaam. Nina S.3 (kidato cha tatu), vipindi viwili vya ICT. Kompyuta zipo, bando hakuna. Nataka wanafunzi waone blogu za mwanzo, kabla ya WordPress (programu ya kuendeshea blogu), zilivyofanya kazi, si kukariri miaka tu. Halafu nani hasa alitangulia, Justin Hall au Jorn Barger?

mzee_seva: Mwalimu, hilo la nani alitangulia lisikule kipindi. Hall alianza 1994, akiandika maisha yake. Barger alileta jina "weblog" Desemba 1997, na ya kwake ilikuwa hasa viungo vyenye maelezo mafupi.

Waandike kwa mkono kwenye Notepad, faili index.html. Kila habari iwe na tarehe, aya moja na id yake (jina la kuitambulisha ndani ya ukurasa), mfano id="tatu"; mpya inabandikwa JUU ya ya jana. Wakati wa kuhifadhi wachague "All Files", la sivyo faili itakuwa index.html.txt na kivinjari kitaonyesha kodi tupu.

Wakifika habari ya kumi, wahamishie zile za zamani kwenye faili ya mwezi. Kisha mwenzao aliyeweka kiungo cha index.html#tatu akibofye: ukurasa utafunguka, habari haimo. Ndiyo sababu mwaka 2000 blogu zilianza kuipa kila habari anwani yake ya kudumu.

nalubaale: Usiruke Blogger, huduma ya blogu iliyoanza Agosti 1999. Uliandika kwenye fomu, seva yao ikatengeneza kurasa na kuzituma kwa FTP (njia ya kuhamisha faili) hadi tovuti yako. Movable Type (programu ya blogu, 2001) nayo ilihifadhi kurasa zilizokwisha tengenezwa: ukigusa kiolezo (muundo wa kurasa), kumbukumbu nzima inajengwa upya, na seva dhaifu inakwama katikati. WordPress, 27 Mei 2003, ilirithi b2, programu ya blogu iliyoitangulia: PHP (lugha ya programu inayoendeshwa kwenye seva) inaunda ukurasa msomaji anapoufungua, data ikitoka kwenye hifadhidata ya MySQL. Unabadilisha mara moja, ila wasomaji wakifurika hifadhidata inaelemewa. Kwangu mimi, leseni mpya ya Movable Type 3.0 ya 2004 iliwahamisha watu kwenda WordPress kuliko ubora wowote.

ict_jinja: Asanteni. WordPress yenyewe itakubali bila bando?

mzee_seva: Itakubali. Pakua XAMPP (kifurushi chenye Apache, yaani seva ya wavuti, pamoja na MySQL na PHP) na WordPress mapema, uweke kwenye flash. Ukishasakinisha XAMPP, folda ya wordpress iende ndani ya htdocs yake, washa Apache na MySQL, tengeneza hifadhidata kwenye phpMyAdmin (ukurasa wa kusimamia MySQL). WordPress ikiuliza, jina la mtumiaji wa hifadhidata ni root, nenosiri liache wazi. Apache ikigoma, mara nyingi programu nyingine imeshika poti 80: kwenye httpd.conf (faili ya mipangilio ya Apache) badilisha "Listen 80" iwe "Listen 8080", ufungue localhost:8080/wordpress.